Pembe Mbili za Shuka

6 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana nakujua, ukisimama husomi, unafanya kazi tu. Sisi huku hatujambo. Kitufe hajambo kuliko mimi. Viatu ulivyomtumia vimeanza kumbana, na mashavu yamejaa, ingawa jina lile la udogo bado linamfaa. Amenituma nikwambie kwamba ana vidole vitano, kana kwamba ni habari mpya mjini.

Mimi bado nipo chumba cha mashuka, hospitali ileile, chini ya ngazi ileile. Mashine ya kufulia iliyo upande wa dirisha imeanza kutembea yenyewe kama mlevi. Tumeizuia kwa tofali. Tangu wifi yako afariki mwaka jana, hawajaleta mtu wa kushika nafasi yake. Walisema wanatafuta. Nadhani wameacha kutafuta. Na mashuka makubwa yanataka watu wawili, kwa hiyo mwenzangu wa kukunja amekuwa Kitufe. Nikipiga magoti tunalingana. Yeye anashika pembe zake mbili, mimi zangu mbili, tunakung'uta, kisha anakuja taratibu mpaka mikono yake iguse yangu, na hapo anasema, "Hodi." Nami nasema, "Karibu," napokea.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya mama yake kwa kila shuka, hata siku tulizonuniana. Siku hizo hodi yake ilikuwa kama ya askari, mpaka nacheka bila kupenda. Mtoto alikuwa akiyaona akiwa ndani ya kapu la nguo. Mimi sikumfundisha.

Sasa jambo lenyewe. Tumepata msimamizi mpya. Juzi alisimama mlangoni, akamtazama Kitufe, akanitazama mimi, akasema, "Ndugu yangu, hapa kuna dawa za kufulia, kuna pasi za moto, kuna nguo za wagonjwa. Si mahali pa kulea mtoto." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikufokea walau unaweza kumnunia. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka.

Nyumbani hakuna mtu. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto naye amepata kazi. Iko chekechea barabara ya chini, ile yenye ukuta wa manjano, lakini wanapokea mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa kwanza, na lazima mtoto awe ametimiza miaka minne. Kitufe atatimiza mwezi wa tatu. Akikosa Januari hii, ni mpaka Januari nyingine. Nitakwenda kumwona mwalimu mkuu nimwombe ampokee kabla ya umri.

Najua utasema nimlete kwako. Umesema mara nyingi, na kila ukisema moyo wangu unapoa. Lakini niache kwanza nijaribu huku. Ningekupigia simu, ila simu yenu anaipokea shemeji, na mimi na yeye tukishasalimiana hatuna pa kwenda.

Ni mimi, mdogo wako.


27 Agosti

Mdogo wangu wa pekee,

Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama, mbele ya jiko, sufuria ikichemka. Utanisamehe. Hapa hatujambo kiasi. Mama mkwe wangu hajainuka. Mguu mmoja umekataa kabisa na wa pili unafuata ushauri wa mwenzake. Ila mdomo ni mzima. Jana aliniambia uji wangu mwepesi mpaka anajiona ndani yake. Shemeji yako yupo, karakana yake ina magari mengi ya watu, anarudi na mafuta mpaka masikioni.

Mwambie Kitufe na mimi nina vidole vitano, ila kimoja nimekikata nikimenya, kwa hiyo kwa sasa nina vinne na nusu. Asijivune.

Kuhusu huyo msimamizi, usimchukie. Hata mimi nisingependa mtoto wangu kandokando ya pasi, kama Mungu angenipa. Nenda shuleni. Lakini nisikilize: ukifika kwa mwalimu mkuu, simama wima. Una tabia ya kuomba kitu kama mtu aliyevunja dirisha la watu. Hujavunja dirisha. Una mtoto anayejua kula mwenyewe, kunawa mwenyewe, na kufanya kazi yenye mshahara wa mtu mzima.

Na wakikataa, mlete. Chumba cha nyuma kipo, kina dirisha linaloangalia uani. Nimeshaona kitanda chake kitakaa upande gani. Atalelewa na shangazi yake, kuna aibu gani?

Wifi yangu nilimwota wiki iliyopita. Alikuwa ananiuliza sabuni.

Dada yako.


15 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Pole na kidole. Pole pia na mama mkwe, na umpe salamu zangu, umwambie uji mwepesi ni dawa. Sisi tunaendelea. Tofali limeshindwa, sasa mashine tumeifunga kamba.

Nimekwenda. Nilivaa lile shati nililovaa siku ya mazishi, kwa sababu ndilo lenye kola inayosimama. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Ofisi yake ina viti vya watoto tu, kwa hiyo nilikaa magoti yakigusa kidevu. Kusimama wima hakukuwezekana, dada.

Akaniambia, "Kila mzazi anayekuja kabla ya wakati ananieleza kwamba mwanawe ana akili za ajabu."

Nikasema, "Mimi simleti kwa sababu ya akili, mwalimu. Namleta kwa sababu ya saa za kazi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Kitufe alikuwa sakafuni anapanga viatu vya watu wawili wawili.

Akamwita mwalimu wa wadogo, dada mmoja mwenye miwani mikubwa. Huyo hakumwita mtoto. Alichuchumaa palepale kwenye viatu. "Unaitwa nani?" "Kitufe." "Hilo ni la utani. La kweli je?" "Kitufe." "Haya, Kitufe, unapenda kufanya nini?" "Kazi." "Kazi gani?" "Mashuka." Mwalimu Miwani, ndivyo tunavyomwita sasa, alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo, akaamua kuliacha.

Mwisho wake ni huu. Wanaweza kumpokea kabla ya umri, kama atakaa nao asubuhi moja bila mimi na wakaona anaweza: anakula, anakwenda chooni, anasikia anachoambiwa na kukifanya. Mzazi anamwacha langoni, anaondoka, anarudi saa sita mchana. Mwalimu mkuu alilirudia hilo la kuondoka. "Baba, ukiwepo nitakuwa nakupima wewe." Asubuhi yenyewe ni katikati ya Oktoba.

Anajua yote hayo. Mimi sina wasiwasi naye hata kidogo. Wiki hii tumefanya mazoezi ya kufunga vifungo. Nilikuwa natoka nje ya mlango, nahesabu, narudi. Kila mara, kabla sijarudi, anafungua mlango ananikuta nimekaa palepale nje, ananiuliza, "Umeshaenda?"

Ni mimi.


4 Oktoba

Mdogo wangu,

Kwa haraka, kuna mtu anapita posta. Humu ndani ni gauni la Kitufe la siku ya shule. Nimelishona kwa mkono, mashine ipo chini ya vyuma vya shemeji yako na sikutaka kumsumbua. Lina mifuko miwili, maana mtoto asiye na mfuko hana pa kuweka mikono akiogopa.

Mpe chai mapema ili asiombe kwenda chooni kila mara. Usimwambie "usilie." Ukimwambia usilie atajua kuna kitu cha kulilia.

Na wakikataa, nimeshasema. Chumba cha nyuma nimekifagia.

Dada yako anayewaombea.


19 Oktoba

Dada yangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Gauni lilimkaa vizuri sana. Aliweka mikono kwenye mifuko njia nzima, nikalazimika kumshika begani badala ya mkono.

Wamekataa. Alilia sana, wakasema bado hajawa tayari, nimlete Januari ile nyingine, si hii.

Nimekaa na hili siku kadhaa. Msimamizi ameniuliza nimefika wapi, nikamwambia jambo liko njiani. Kila ninakogeuka ni ukuta. Nikiacha kazi hatuli, na nikibaki kazini sina pa kumweka. Kwa hiyo nimeamua kufanya ulivyosema. Nitamleta kwako mwanzoni mwa Desemba, nikipata ruhusa.

Ngoja nikueleze mapema. Hapendi kufunikwa miguu. Akilala anashika pindo la foronya kati ya vidole viwili, analisugua. Usimnyang'anye, ataliachia mwenyewe. Ukimwogesha, anza na mgongo. Akinyamaza ghafla si kwamba amekasirika, anamfikiria mama yake, na ukimpa kitu cha kukunja atarudi. Mengine nitakumbuka njiani.

Sijui mtu anarudije kwenye basi na kiti kitupu pembeni, lakini watu wanarudi.

Ni mimi, mdogo wako.


12 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Umengoja jibu, najua. Huku kumenyesha, na mama mkwe alishikwa na kifua, sikupata mwanya hata wa kuchana nywele. Sasa amepata nafuu. Leo asubuhi amenitukana vizuri, nikafurahi. Kuku wangu mmoja ameanza kutaga ndani ya ndoo. Hizo ndizo habari.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kuna kitu hakikai. Kitufe alilia? Kitufe yupi? Huyu aliyepigwa sindano akamwambia nesi "pole"? Huyu aliyekaa mapajani mwangu msibani, watu wazima tumelia mpaka tumekauka, yeye akawa anatufuta kwa upindo wa gauni lake? Mtoto huyo hawezi kulia kwa sababu ya mwalimu mwenye miwani na uji.

Nitakukumbusha jambo. Siku yako ya kwanza shule mimi ndiye niliyekupeleka. Mama alikuwa amejifungua yule aliyefariki. Uliniachia mkono bila shida, ukaenda kukaa. Mimi nikaondoka. Nilipofika kona nikarudi kuchungulia dirishani, na wewe ukaniona. Hapo ndipo ulipoanza. Ulilia mpaka mwalimu akasema, "Wewe binti, ingia ukae naye." Nilikaa darasa la wadogo wiki nzima, magoti yamepanda juu kama panzi, wenzangu wakinicheka dirishani. Nilijua tangu siku ile kwamba kosa lilikuwa la dirisha.

Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu kama unavyonijibu mimi, si kama unavyomjibu msimamizi. Kitufe alipokuwa analia, wewe ulikuwa wapi?

Dada yako.


20 Novemba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini kifua cha mama mkwe kimetulia. Mwambie asichoke kukutukana.

Nilikuwa nyuma ya tangi la maji.

Nilimwacha langoni kama walivyosema. Hakugeuka. Nilifika mpaka kwa fundi viatu, nikanunua kamba za viatu nisizozihitaji, nikarudi. Upande wa nyuma ukuta unaisha, ni seng'enge tu na maua yaliyopandwa, na tangi. Darasa la wadogo lina madirisha makubwa upande huo. Nilisema nitaangalia mara moja tu. Alikuwa anakunywa uji, sharubu za uji puani. Alikwenda chooni na kurudi. Aliimba wimbo asioujua, anafungua tu mdomo. Kila kitu alikiweza, dada. Ningeondoka hapo, leo tungekuwa tunaandikiana mengine.

Kisha wakatandikiwa vitambaa sakafuni walale kidogo. Walipoamshwa Mwalimu Miwani akasema, "Haya, kila mtu akunje kitambaa chake alete hapa." Wenzake wakavikunja wanavyojua, wengine wakavisokota kama matambara. Kitufe akainua chake. Akashika pembe zake mbili, akakikung'uta vizuri, akanyoosha mikono mbele. Akasimama.

Alikuwa anangoja mtu wa pembe za pili.

Mwalimu akamwambia, "Kunja, Kitufe." Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusimama. Wenzake wote wamemaliza, wameketi. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pembeni na kalamu yake. Mwalimu Miwani akarudia, "Kunja, mama, kunja." Kitufe akachukua hatua moja mbele, kama anavyofanya kwangu, akasema, "Hodi."

Hakuna aliyejibu. Wangejuaje? Akasema tena, "Hodi." Mikono ilikuwa imeanza kushuka, unajua mikono inavyochoka ukiinyoosha. Kitambaa kinagusa chini. Akasema mara ya tatu kwa sauti ile ya mama yake, ile ya askari.

Nikaitika, dada. Nikasema, "Karibu!" Kutoka nyuma ya tangi, kwa nguvu zangu zote, mwanamume mzima. Darasa zima likageuka. Kitufe akaniona, akadondosha kitambaa, akaja kwenye seng'enge, akashika nyaya. Kulia kulianza hapo, na hakukuisha mpaka nyumbani. Mwalimu mkuu alinijia akaniambia kwa upole tu, "Baba, nilikwambia nitakupima wewe."

Sikukuandikia kwa sababu ningeandikaje.

Sasa na mimi nina swali. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Kuku yumo, mvua imo, mimi na wewe darasani tumo. Desemba haimo. Chumba cha nyuma hakimo. Nimeomba ruhusa kazini, wanataka tarehe. Nikate tiketi au nisikate?

Ni mimi.


2 Desemba

Mdogo wangu,

Usikate.

Nimeketi, kama ulivyotaka siku zote. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, na chumba cha nyuma nakiona kutoka hapa. Kina matairi. Yamepangwa mpaka dirishani. Yalikuwemo hata nilipokuandikia kwamba nimekifagia. Nilifagia mlangoni.

Baada ya mazishi, kabla sijakwambia "mlete" hata mara moja, nilimwomba shemeji yako. Alinisikiliza, akamaliza chakula, akasema, "Nyumba hii ina mgonjwa. Haiwezi kuwa na mtoto wa watu pia." Basi. Hakurudia na mimi sikurudia. Lakini kwako nikaendelea kukualika, barua baada ya barua. Ulikuwa unakataa kwa heshima, na mimi nilikuwa napata raha ya kuwa mtu mwenye chumba cha kutoa. Sikufikiri kwamba siku moja ungekubali. Uliposema unamleta, na ukaniandikia habari za foronya, niliificha barua ndani ya debe la unga na sikuweza kukaa nayo chumba kimoja.

Sitaki umchukie. Hanipigi, hanitukani, na sijalala njaa hapa. Ila nyumba ni yake mpaka misumari. Hata mimi, mdogo wangu, sasa ni miaka mingi sijui nikiulizwa "kwako ni wapi" nioneshe wapi.

Nimalize na lenye faida. Nitakufundisha kitu. Mama mkwe halali mkavu, kwa hiyo hapa mashuka yanabadilishwa kila siku, na mengine mara mbili. Hakuna wa kushika pembe za pili. Mwanzoni nilikuwa nafunga upande mmoja kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, nalikunja shuka na nguzo kama mke mwenza. Sasa nimejua. Unatafuta katikati ya upindo wa juu, unaubana kwa kidevu. Mikono inanyooka huku na huku mpaka pembeni, inakuja kukutana mbele ya kifua, pembe juu ya pembe. Ukishazishika sawasawa, unaachia kidevu. Shuka linaanguka lenyewe limeshakunjika. Kitambaa kidogo cha mtoto ni rahisi zaidi.

Mfundishe Kitufe. Najua hutaki. Nakujua tangu unanishika sketi. Unaona akijua kukunja peke yake, hodi ya mama yake itakuwa imeondoka humo chumbani. Mfundishe tu. Halafu urudi kwa yule Mwalimu Miwani, si kwa mkuu, kwa yule aliyechuchumaa, na umweleze habari ya hodi kama ulivyonieleza mimi. Usiombe msamaha kwanza. Eleza tu.

Na unisamehe chumba.

Dada yako.


16 Januari

Dada yangu mpendwa,

Heri ya mwaka. Natumaini mama mkwe anaendelea kutukana na kuku anaendelea kutaga ndooni. Sisi tu wazima. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Hakuna cha kusamehe. Wakati ule nilipokuwa sina pa kuegemea kabisa, nilikuwa naegemea chumba chako cha nyuma. Matairi sikuyaona. Kilinishikilia hivyohivyo.

Tulianza siku ileile. Nilipiga magoti mbele yake na foronya, kidevu chini, akacheka mpaka akakaa. Anasema nafanana na mbuzi. Yeye kidevu chake ni kidogo, kinateleza, kwa hiyo ameamua kubana kwa meno. Nilimwambia shangazi hakusema meno. Akasema, "Shangazi hayupo." Siku ya tatu alikunja foronya nzima, pembe juu ya pembe, akaiachia, ikaanguka imenyooka. Akaitazama. Kisha akaniuliza, "Na hodi namwambia nani?"

Nilijifanya nazima pasi. Baadaye nikamwambia, "Wewe sema tu. Atakayesikia ataitika." Sikujua kama ni kweli.

Kwa Mwalimu Miwani nilikwenda watoto wakiwa wameshaondoka. Nilieleza yote, chumba cha mashuka, mama yake, kapu la nguo. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. "Kwa hiyo siku ile," akasema, "alikuwa ananingoja mimi?" Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Akasema, "Na mimi niko palepale namwambia kunja, kunja." Sijui alimwambia nini mwalimu mkuu. Waliniita wiki moja kabla ya kufunga. Asubuhi nyingine moja, na mkuu akaniambia, "Baba, safari hii sitaki kuona hata kivuli."

Hakuona. Nilimwacha langoni na gauni lako, nikaenda moja kwa moja kazini, nikamwomba mwenzangu wa mashine za chumba cha pili anifungie mlango kwa nje. Alifikiri natania. Nikamwambia, "Funga, na nikigonga usinifungulie mpaka saa sita." Nilikunja mashuka asubuhi nzima kwa kidevu. Niligonga mara mbili. Ni mtu mwaminifu, hakufungua.

Mchana Mwalimu Miwani alinikuta langoni akanisimulia. Walipoamshwa, Kitufe alikunja kitambaa chake kwa meno, akakiweka chini, akasema "Hodi" kwa darasa zima. Mwalimu alikuwa tayari kuitika, anasema alikuwa amengoja asubuhi nzima. Lakini Kitufe alikuwa ameshamwona msichana mmoja mwenye mafua, aliyejiviringisha kitambaa chake mpaka kichwani, anahangaika. Akaenda akazitafuta pembe mbili, akazishika, akamjia. "Hodi." Yule akasema, "Nini?" Kitufe akamwambia, "Sema karibu." "Karibu." Sasa darasa zima linakunja wawili wawili, na kelele za hodi zinasikika mpaka barabarani. Mwalimu mkuu anasema kazi ya dakika moja imekuwa ya nusu saa, na kwamba mtoto amepokelewa.

Shule imefunguliwa wiki iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake. Sikuwa nimejiandaa kwa mgongo wake, anavyoingia mikono mfukoni kama mtu anayekwenda kukagua. Nilifika kwa fundi viatu. Nilisimama. Sikurudi.

Sasa nipo hapa chini ya ngazi. Msimamizi amenipongeza, na ni kweli amefurahi. Mtu wa pili bado wanatafuta. Kapu la nguo limebaki kapu tu, naweka foronya. Mlango uko wazi, hakuna anayenifungia tena, lakini siendi popote; nikitoka hapa nitakwenda wapi kabla ya saa sita? Nikunjapo shuka kubwa, kidevu kimebana, mikono imenyooka, ninaposhikanisha pembe mbele ya kifua, kinywa changu kinataka kusema karibu. Siku nyingine kinasema.

Dada, mimi sina chumba cha nyuma. Nina chumba kimoja, godoro, na mtoto asiyefunikwa miguu. Njoo ukae nasi. Najua huwezi kumwacha yule mgonjwa, na najua shemeji atamaliza chakula kwanza ndipo ajibu. Wewe ulinialika ukijua jibu, na mimi nakualika hivyohivyo. Usikatae haraka. Nijibu kwa heshima, kama nilivyokuwa nikikujibu, ili nikualike tena.

Kitufe anakusalimia. Anasema ana rafiki mwenye mafua.

Asubuhi utakapokunja mashuka ya mama mkwe, kabla hujaachia kidevu, unikumbuke.

Mdogo wako.